Asemacho Mlaji na Atiacho Kapuni: Somo la Mbinu za Kuchunguza Mapendeleo ya Walaji wa Mboga, Matunda na Viazi

Mhoji anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa kigoda uani na kufungua dodoso lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, jana hapa nyumbani mlikula mboga?"

"Tulikula, tena tukashiba."

Mhoji anatia alama ya vema mahali palipoandikwa "Ndiyo", anashukuru na kwenda nyumba ya pili. Hapana aliyesema uongo. Lakini mboga aliyoikusudia mama ni dagaa waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, kwa kuwa katika Kiswahili cha nyumbani mboga ni kitoweo chochote kinachosindikiza ugali au wali: samaki, maharage, nyama au mchicha. Mhoji yeye alikuwa akiuliza habari za majani. Jibu hilo likijumlishwa na mamia ya majibu ya aina yake, ripoti itasema kwamba wakazi wa mtaa huo hula mboga za majani kila siku, na mpango wa elimu ya lishe utapelekwa kwingine.

Makala haya yanaeleza mbinu kuu zinazotumika kuchunguza kile ambacho walaji hukipendelea katika mazao yaliyotoka shambani, nguvu ya kila mbinu na mahali inapokosea. Mfano utakaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, kinachojulikana kwa wengi kama kiazi lishe. Msomaji anayekusudia kufanya utafiti wa namna hii, awe mwanafunzi wa afya ya jamii, afisa lishe au muuguzi wa kituo cha afya, anatarajiwa kumaliza somo akiwa na uwezo wa kuchagua mbinu inayolingana na swali lake.

Kwa nini suala hili ni la afya

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalitoa pendekezo kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi na mizizi mingine yenye wanga. Pendekezo hilo limerudiwa katika mabango, redioni na katika vyumba vya kliniki. Hata hivyo, kujua kiasi kinachofaa hakumfanyi mtu anunue. Mnunuzi anaposimama mbele ya genge huongozwa na bei, rangi, harufu, mazoea ya nyumbani, muda wa kupika na macho ya jirani. Mtaalamu wa afya asiyeyajua mambo hayo hutoa ushauri ulio sahihi usiofuatwa na mtu.

Kiazi lishe ni ushahidi mzuri wa jambo hili. Upungufu wa vitamini A hudhoofisha kinga ya mtoto, humletea upofu wa usiku, na ukizidi huharibu konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kumpofusha kabisa. Kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa kina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hesabu ya lishe peke yake, jambo lilikuwa limekwisha: zao ni la kienyeji, linajulikana, linastahimili udongo usio na rutuba nyingi, na mtoto hulipenda kwa utamu wake.

Lakini aina za mwanzo za viazi hivyo zilikuwa na majimaji, ilhali watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hupenda kiazi kikavu, chenye unga, kinachomeguka mdomoni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa chema kilishindwa kujiuza. Ilibidi wataalamu wa mbegu warudi mashambani kutafuta aina zilizounganisha rangi ile na ukavu huu. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao kwa njia ya uzalishaji wa mbegu; watatu wa kwanza walihusika na kiazi hiki hasa. Kazi hiyo isingefika mbali iwapo hapana ambaye angewauliza walaji wanapenda nini, na kuwauliza kwa njia iliyo sahihi.

Swali kwanza, mbinu baadaye

Kosa la kawaida kwa mtafiti mchanga ni kuanza na dodoso. Huandika maswali arobaini, huyachapa, kisha ndipo hujiuliza anataka kujua nini. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Maswali kuhusu mapendeleo ya walaji huangukia katika mafungu manne, na kila fungu lina mbinu zake.

Fungu la kwanza ni la maana: watu hulielezaje zao hili, na ni sifa zipi wanazoziona kuwa muhimu? Hapa hufaa mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi. Fungu la pili ni la matendo: watu hufanya nini hasa wanaponunua? Hapa hufaa kutazama. Fungu la tatu ni la ladha: kati ya aina kadhaa, ipi hupendeza zaidi ikishaingia mdomoni? Hapa hufaa jaribio la kuonja. Fungu la nne ni la thamani: mlaji yuko tayari kuacha nini, hasa fedha, ili apate sifa fulani? Hapa hufaa majaribio ya uchaguzi na minada ya utafiti. Dodoso huyahudumia mafungu yote manne, lakini halitoshi peke yake kwa lolote kati ya hayo.

Kabla ya kuendelea, mtafiti atenganishe mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi: kupendelea, kununua na kula. Mtu anayekula mchicha kila siku huenda haupendelei. Huenda ndio unaopatikana kwa fedha aliyo nayo. Vilevile mnunuzi si lazima awe mlaji. Baba hutoa fedha, mama huchagua, dada wa kazi hupika, mtoto hula au hukataa. Utafiti wa kiazi lishe uliokusudiwa kumfaa mtoto wa miaka mitatu, ukiwahoji akina baba pekee, utakuwa umegonga mlango usio wake.

Kusikiliza: mahojiano na majadiliano ya vikundi

Mbinu hizi hutangulia nyingine kwa sababu humpa mtafiti msamiati wa watu wenyewe. Kikundi cha majadiliano huwa na watu kati ya sita na kumi wanaolingana kwa kiasi fulani, ili asiwepo mkubwa wa kuwanyamazisha wengine. Akina mama wakwe na wakaza wana wakiketishwa pamoja, wakaza wana watasema "ndiyo mama" mpaka mwisho wa kikao. Mwongozaji huanza na maswali mapana, mathali "Ukienda sokoni kununua viazi, unaangalia nini?", kisha husogea taratibu kuelekea jambo analolitafuta.

Faida kubwa ya hatua hii ni ya lugha. Neno "bichi" lina maana zaidi ya moja: lisilopikwa, lisiloiva, na lililotoka shambani likiwa bado na maji yake. Swali "Je, unapenda matunda mabichi?" laweza kujibiwa "La" na mtu anayependa sana maembe yaliyochumwa leo, kwa kuwa amelielewa kuwa maembe machanga ya kuliwa na chumvi na pilipili. Neno "zuri" nalo halimwambii mtafiti kitu. Kiazi kizuri kwa mama mmoja ni kikavu. Kwa mwingine ni kisicho na nyuzi. Kwa muuzaji ni kisichooza upesi. Maneno kama "chenye unga", "cha majimaji", "kilichonyauka" na "kilichopigwa jua" hupatikana kwa kusikiliza, na ndiyo yanayopaswa kuingia katika dodoso.

Dodoso lililoandikwa kwanza kwa lugha ya kigeni litafsiriwe kwa Kiswahili na mtu mmoja, kisha mtu mwingine asiyeliona la mwanzo alirudishe katika lugha ile ya kwanza. Mahali ambapo nakala mbili zinatofautiana ndipo penye swali bovu. Hatua hiyo nayo haitoshi mpaka dodoso lijaribiwe kwa watu wachache wa eneo jirani, wakiulizwa si jibu lao tu bali wamelielewaje swali lenyewe.

Kutazama: mnunuzi mbele ya meza

Sokoni watu hufanya mambo wasiyoyakumbuka wanapohojiwa. Hubonyeza nyanya, hugeuza fungu kuangalia yaliyowekwa chini, hunusa nanasi kwenye kikonyo, huvunja ncha ya bamia kujua kama imekomaa. Mtazamaji mwenye orodha fupi ya matendo hayo huweka alama kila tendo linapotokea, na kuandika muda, jinsia ya mnunuzi kwa kukadiria, aina ya zao na kama ununuzi ulikamilika.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni saa. Wanunuzi wa saa moja asubuhi si wale wa saa kumi na mbili jioni. Wa asubuhi hutafuta ubora, wa jioni wengi hutafuta nafuu, kwa kuwa mboga imekwisha kunyauka na muuzaji anataka kumaliza. Utazamaji ugawanywe kwa saa na kwa siku za juma. La pili ni msimu. Utafiti wa maembe uliofanyika Desemba, wakati maembe yamejaa, hauwezi kusimama badala ya ule wa Juni. La tatu ni kipimo. Mazao mengi huuzwa kwa fungu, sado, ndoo au tenga, na fungu la asubuhi si fungu la jioni, mbali na nyongeza anayopewa mteja wa kudumu. Mtafiti anayeandika "fungu moja shilingi 1,000" bila mizani hajaandika bei. Anunue mafungu kadhaa kwa wauzaji mbalimbali, ayapime, na kugeuza bei zote kuwa shilingi kwa kilo.

Kutazama hueleza tendo, lakini hakuelezi sababu. Ndiyo maana hufaa kuunganishwa na mahojiano mafupi ya dakika tatu au nne mara tu mnunuzi anapoondoka mezani, kumbukumbu ingali hai.

Yasiyoonekana kwa macho

Wachumi huzigawa sifa za bidhaa katika aina tatu. Zipo zinazoonekana kabla ya kununua, kama rangi na ukubwa. Zipo zinazojulikana baada ya kula, kama utamu na ukavu. Na zipo ambazo mlaji hawezi kuzijua hata baada ya kula, kama kiasi cha karotini, mabaki ya dawa za kuulia wadudu au maji yaliyotumika kumwagilia. Mgawanyo wa aina mbili za kwanza ulielezwa na Phillip Nelson mwaka 1970, na aina ya tatu ikaongezwa na Michael Darby na Edi Karni mwaka 1973.

Aina ya tatu ndiyo inayoigusa zaidi afya. Jijini Dar es Salaam zipo bustani za mboga kando ya mto Msimbazi, mto unaopokea maji taka ya mji. Fungu la mchicha halina alama ya kuonyesha lilikomwagiliwa. Mnunuzi hubaki kumwamini muuzaji, au kutumia ishara za kukisia. Mwingine huona majani makubwa ya kijani kibichi kuwa dalili ya afya. Mwingine huyaogopa na kuchagua yenye matundu ya wadudu, akisema kwamba palipo na mdudu hapana sumu. Utafiti unaouliza "Je, unajali usalama wa mboga?" utapata "Ndiyo" kutoka kwa karibu kila mtu. Swali lenye manufaa ni ishara gani mnunuzi huitumia kuupima usalama huo, na kama ishara hiyo ni ya kweli.

Kuonja: jaribio la ladha

Katika miaka ya 1940 na 1950, watafiti wa chakula cha jeshi la Marekani huko Chicago, akiwamo David Peryam, waliandaa kipimo cha ngazi tisa kinachoanzia "nakichukia kabisa" hadi "nakipenda mno", katikati pakiwa "sikipendi wala sikichukii". Kipimo hicho kingali kinatumika duniani kote. Kwa watoto wasiojua kusoma hutumika picha za nyuso, kuanzia uso ulionuna hadi unaocheka. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Tanzania ambamo wanafunzi wa shule na akina mama wenye watoto wadogo walionjeshwa viazi vyeupe na vya rangi ya chungwa. Uteuzi wa waonjaji hao ulikuwa wa busara, kwa kuwa hao ndio waliokusudiwa kukila chakula chenyewe.

Jaribio la kuonja lina adabu zake. Viazi vyote vichemshwe kwa muda unaolingana na hali yake, vikatwe vipande vya ukubwa mmoja na kuletwa vikiwa na joto moja. Kila sampuli ipewe namba nasibu ya tarakimu tatu, kama 417 au 852. Zikiitwa A na B, au 1 na 2, waonjaji wengi huipendelea ya kwanza kwa sababu ya jina tu. Utaratibu wa kuonja ubadilishwe kutoka mtu hadi mtu, kwa kuwa kitamu kikitangulia hukifanya kinachofuata kionekane chapwa. Mwonjaji asukutue kwa maji kati ya sampuli, asiwe na njaa kali wala asiwe ametoka mezani, na asiusikie uamuzi wa mwenzake. Mtafiti akitaka kujua ladha peke yake, afiche rangi kwa mwanga maalumu au kwa kitambaa cha macho. Akitaka kujua chakula kitakavyopokewa nyumbani, aiache rangi ionekane, kwa maana nyumbani hapana afungwaye macho.

Dodoso na idadi ya watu wa kuhojiwa

Swali la kila mwanafunzi ni "Nihoji watu wangapi?" Kwa utafiti wa kukadiria asilimia, kanuni ya kawaida huzidisha mraba wa 1.96 kwa kiwango kinachokadiriwa, kisha kwa sehemu iliyobaki, na kugawanya kwa mraba wa kosa linalokubalika. Pale ambapo kiwango hakijulikani hutumiwa 0.5, na kosa la asilimia 5 huandikwa 0.05. Hesabu hutoa watu 384. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba kila mtu ameteuliwa peke yake kwa nasibu. Watu wakiteuliwa kwa makundi, mathalani mitaa kwanza kisha kaya, majirani hufanana na idadi yapaswa kuongezwa. Ikizidishwa kwa 1.5 hufika 576. Na ikitarajiwa kwamba mtu mmoja katika kumi atakataa, watu wa kuwaendea huwa 640.

Idadi kubwa haiponyi uteuzi mbaya. Mtafiti anayewahoji watu 640 ndani ya soko kubwa amewaacha wanaonunua kwenye genge la mtaani, wanaonunua kwa wachuuzi wa matenga na baiskeli, na wanaolima wenyewe. Huenda hao ndio maskini zaidi, na ndio ambao watoto wao wanahitaji vitamini A kuliko wengine.

Katika kuhoji, majibu hupotoka kwa sababu ya heshima. Mhoji aliyevaa koti jeupe, au aliyejitambulisha kuwa ametoka hospitali, huambiwa yale ambayo daktari angependa kuyasikia. Matunda huongezeka, soda hupungua. Kwa upande mwingine, mboga kama matembele na kisamvu huweza kufichwa na mwenyeji anayeziona kuwa chakula cha dhiki. Dawa yake ni mavazi ya kawaida, maswali yasiyoegemea upande, na kuuliza tendo badala ya tabia. Swali "Tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi, ulikula nini?" hupata jibu la kweli zaidi kuliko "Je, huwa unakula matunda?"

Thamani: kati ya neno na mfuko

Mwaka 1966 mwanauchumi Kelvin Lancaster alitoa hoja kwamba mtu hanunui kitu bali hununua sifa zilizomo ndani ya kitu. Juu ya wazo hilo, na juu ya hesabu za uchaguzi zilizoendelezwa na Daniel McFadden, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2000, ndipo lilipojengwa jaribio la uchaguzi. Mlaji huonyeshwa viazi vya aina mbili au tatu vinavyotofautiana kwa sifa kadhaa pamoja na bei, na huambiwa achague kimoja au akatae vyote.

Tuchukue rangi mbili, ukavu wa namna mbili, ukubwa wa namna mbili na bei tatu. Mchanganyiko wake ni aina 24 za viazi, na jozi zinazoweza kuundwa ni 276. Hapana mtu wa kukaa mpaka jozi zote ziishe. Kwa hiyo huteuliwa kwa kanuni za kitakwimu jozi chache, nane mathalani, ambazo zatosha kupima uzito wa kila sifa. Uzito wa sifa ukigawanywa kwa uzito wa bei hutoa fedha ambazo mlaji yuko tayari kuongeza. Kama uzito wa rangi ya chungwa ni 0.6, na kila shilingi moja ya bei hupunguza mvuto kwa 0.002, basi rangi hiyo ina thamani ya shilingi 300 kwa mlaji wa wastani.

Kasoro ya mbinu hii ni kwamba kuchagua kwenye karatasi hakugharimu kitu. Ndiyo maana ulibuniwa utaratibu wa Becker, DeGroot na Marschak, uliotangazwa mwaka 1964. Mlaji hutaja bei ya juu kabisa anayoweza kulipa kwa fungu la viazi, tuseme shilingi 1,500. Kisha huchomolewa kwa bahati nasibu karatasi yenye bei. Ikitoka 1,200, hununua kwa 1,200. Ikitoka 1,800, hanunui. Akitaja pungufu ya thamani aionayo, aweza kukosa viazi alivyovitaka; akitaja zaidi, aweza kulazimika kulipa ghali. Bei haitegemei neno lake, basi faida yake imo katika kusema kweli. Mtafiti afanye kwanza zoezi la mfano kwa kitu kidogo kama sabuni au peremende, kwa sababu watu waliozoea kupatana bei huanza kwa kutaja chini, wakidhani muuzaji atapandisha.

Tofauti kati ya neno na mfuko ilipimwa nchini Uganda katika utafiti wa kiazi lishe uliochapishwa mwaka 2011. Baadhi ya washiriki walichagua kwa maneno tu. Wengine walichagua wakijua kwamba watanunua kweli. Waliochagua kwa maneno walitia chumvi nyingi katika fedha ambazo wangelipa. Utafiti huohuo uligawa pia elimu ya lishe kwa baadhi ya washiriki na kuwanyima wengine. Wasioelezwa faida ya kiazi cha chungwa hawakukithamini kuliko cheupe. Walioelezwa walikubali kukilipia zaidi. Hapo mtaalamu wa afya anapata mambo mawili kwa pamoja: elimu ina nguvu inayopimika kwa shilingi, na nguvu hiyo isikadiriwe kwa maneno matupu.

Kuchanganua: wastani unaoficha watu

Matokeo yakishakusanywa, kishawishi cha kwanza ni kutafuta wastani. Chukulia waonjaji 100 wa kiazi kimoja. Hamsini wamekipa alama 8, hamsini wamekipa 3. Wastani ni 5.5, na ripoti itasema kwamba kiazi hakipendwi wala hakichukiwi. Kumbe hapana hata mtu mmoja mwenye maoni hayo. Yapo makundi mawili, na huenda moja ni la watoto na jingine la wazazi wao. Kwa hiyo chora kwanza mtawanyiko wa alama, ndipo utafute wastani; kisha chunguza kama walaji wanagawanyika katika makundi, na nani yumo katika lipi. Uamuzi wa kupanda, kupika au kufundisha hutegemea makundi hayo.

Maadili

Utafiti wa viazi si mwepesi kimaadili kuliko utafiti wa dawa. Lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili ya chuo, na pale sheria inapotaka, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mshiriki aelezwe kwa lugha anayoielewa, aridhie kwa hiari na aweze kuacha wakati wowote. Mtoto ahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwake mwenyewe. Chakula cha kuonjwa kiandaliwe kwa maji salama, na waonjaji waulizwe kama kipo kinachowadhuru. Muuzaji ambaye meza yake inatazamwa aombwe ruhusa, na asipotezewe wateja. Katika majaribio yenye fedha, mshiriki apewe kiasi kinachofidia muda wake, kisichomnunua. Na wale waliowekwa katika kundi lisilopewa elimu ya lishe wapewe elimu hiyo kazi inapokwisha, kabla mtafiti hajafunga mkoba wake.

Mwishowe matokeo yarudishwe mtaani yalikotoka. Mama wa uani, aliyesema kwamba jana walikula mboga, anastahili kujua jibu lake limefanya kazi gani. Siku mhoji atakaporudi na kuuliza, "Mama, mboga gani?", utafiti utakuwa umeanza.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kupendelea, kununua na kula, kwa mfano wa zao moja linalouzwa katika mtaa wako.

2. Tunga swali moja la dodoso kuhusu mboga za majani ambalo halitachanganywa na kitoweo kingine, kisha ulijaribu kwa watu watano na kuwauliza wamelielewaje.

3. Afisa lishe anataka kujua kama akina mama watanunua kiazi lishe kwa bei ya juu kuliko kiazi cheupe. Taja mbinu mbili zinazofaa na kasoro ya kila moja.

4. Waonjaji 60 wamekipa kiazi alama 7 na wengine 40 wamekipa alama 2. Tafuta wastani, kisha eleza kwa nini wastani huo usitumike peke yake kufanya uamuzi.